Fuata Mzigo wa Dagaa: Mwongozo wa Kuitembea Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Anza safari hii Mbinga mjini, usiianzie ufukweni. Wageni wengi waendao Ziwa Nyasa hupita Mbinga wakiwa wamesinzia ndani ya basi, hushukia Mbamba Bay, hupiga picha za machweo, na kesho yake hugeuza. Wanaondoka wameona maji na mchanga, ila hawajajua kwa nini watu wa pale wanaishi namna wanavyoishi. Mwambao huu umeegemea milima. Mahindi na maharage mengi yanayoliwa kule chini hulimwa huku juu, na dagaa wanaoliwa huku juu huvuliwa kule chini. Kati ya pande hizo mbili wapo wachuuzi, wengi wao akina mama, wanaoijua njia hii kona kwa kona. Ukitaka kuielewa nchi hii, fuata mzigo wao.

Wasomaji wa majarida ya utalii tumezoea kuonyeshwa visiwa vya Ugiriki: nyumba nyeupe za Santorini, meli ziendazo kisiwa hadi kisiwa, wazee wamekaa nje ya mgahawa jioni. Ni nchi nzuri, na sina neno baya juu yake. Lakini mambo yanayowavuta watu huko, yaani maji maangavu, vijiji vilivyofikiwa kwa meli miaka mingi kabla ya barabara, makanisa ya zamani, ngoma za kijijini na samaki aliyevuliwa alfajiri ya siku hiyo hiyo, yote yapo huku mkoani Ruvuma, na yanafikika kwa basi. Huku hakuna aliyepanga siku yake kwa ajili ya mtalii, kwa hiyo ni wewe utakayepanga siku zako kwa kufuata saa za wenyeji, upepo na mwezi. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kufanya hivyo.

Kufika

Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni zaidi ya kilomita 900 kwa njia ya Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe. Anayetoka Mtwara au Lindi anaweza kupita Masasi na Tunduru, kwa lami. Zipo pia ndege za Air Tanzania hadi Songea. Kwa njia yoyote uliyokuja, lala Songea usiku mmoja. Asubuhi ingia Makumbusho ya Maji Maji yaliyopo Mahenge, hapo hapo mjini. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapo viongozi wa Wangoni waliopigana nao, na kila Februari watu hukusanyika kuwakumbuka. Utakayoyaona hapo yatakusaidia kusoma mengi mbele ya safari, kwa sababu vita vya kigeni vilifika hadi ziwani, kama tutakavyoona Liuli.

Songea hadi Mbinga ni kama kilomita 100 za lami. Ukiendesha gari lako, jihadhari na malori ya makaa ya mawe yatokayo upande wa Ngaka. Ni mengi, ni mazito, na kwenye vilima huenda polepole mno. Usiyapite kwenye kona. Asiye na gari atapata basi, kosta au Noah kila siku, na kadiri unavyofika stendi mapema ndivyo unavyochagua kiti kizuri. Pita Kitai ukiwa macho, maana hapo ndipo inapochepuka njia ya Lituhi, ambayo huenda ukairudia mwisho wa safari.

Siku mbili za milimani

Mbinga ni nchi ya Wamatengo, na Wamatengo ni watu wa milima. Iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na baadhi ya vilele hukaribia mita 2,000. Beba sweta. Mwezi Juni na Julai baridi ya asubuhi ni kali, na mtu aliyekuja na nguo za ufukweni peke yake atajuta hata kabla ya chai.

Kitu cha kwanza cha kutafuta ni ngoro. Chukua bodaboda au gari hadi Litembo, Langiro, Maguu au Kindimba, kisha tembea kwa miguu. Utaona mteremko mkali ambao kwingine ungeachwa kuwa pori, lakini huku umelimwa mashimo mashimo kutoka bondeni hadi karibu na kilele, umekaa kama sega la nyuki. Sogea karibu uone kazi ilivyofanyika. Mwishoni mwa masika, kama mwezi Machi, wanaume hufyeka nyasi ndefu na kuzilaza kwa mistari inayokatana, ikatokea miraba. Wanawake hufuata na majembe: huchimba udongo katikati ya mraba na kuufukia juu ya nyasi zilizolazwa pembeni. Katikati hubaki shimo, pembeni hubaki matuta yenye nyasi ndani yake. Juu ya matuta hupandwa maharage. Mvua inyeshapo, maji hayapati nafasi ya kushuka mbio na kubeba udongo. Hukamatwa shimoni, hutulia, hunywea taratibu. Nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea. Maharage yakishavunwa Juni au Julai, shamba hilo hilo husubiri mvua za mwisho wa mwaka lipandwe mahindi.

Chuchumaa kando ya shimo moja, utie mkono ndani. Hata wiki kadhaa baada ya mvua kukatika, udongo wa chini huwa bado una unyevu, wakati ule wa juu ya tuta umeshakauka. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani walikuja kuuchunguza utaratibu huu kisayansi. Wamatengo walikuwa wameutumia kwa zaidi ya karne. Kwenye visiwa vya Ugiriki wakulima walizuia udongo kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na mwaka 2018 UNESCO iliuorodhesha ufundi huo kuwa urithi wa binadamu, kwa Ugiriki na nchi nyingine kadhaa za Ulaya. Ngoro inastahili heshima ya kiwango hicho hicho. Imetumia jembe, nyasi na makubaliano ya mume na mke juu ya nani afanye nini.

Uliza pia habari za ntambo. Ni kipande cha mlima kilicho kati ya vijito viwili, ambacho kwa desturi kilikaliwa na ukoo mmoja: nyumba katikati, kahawa kuzunguka nyumba, ngoro kwenye mteremko, msitu juu. Ukishaambiwa mpaka wa ntambo mmoja ulipo, utaanza kuiona mipaka kila mahali, na milima iliyokuwa inafanana itaachana. Wazee watakueleza juu ya sengu, desturi ya watu wa ukoo kula pamoja kwa babu na kuzungumza matatizo yao baada ya chakula. Siku hizi imepungua. Ukikaribishwa chakula kwenye boma la Mmatengo, usiharakishe kuondoka sahani ikiisha. Mazungumzo yenyewe ndiyo kwanza yanaanza.

Msalimie kila mkubwa kwa shikamoo, na umwambie mwenye shamba ulichokuja kutazama kabla hujaingia wala kupiga picha. Mtu akiona mgeni anapimapima shamba lake kwa macho, ana haki ya kutia shaka.

Kahawa ndiyo iliyojenga nyumba nyingi za matofali unazoziona. Ni arabika, na imekuwa zao la fedha la hapa kwa karibu karne moja. Kituo cha utafiti wa kahawa kipo Ugano, wilayani humu humu. Msimu wa kuchuma huanza karibu na Juni. Mwombe katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, akuruhusu kuona mtambo wa kijiji ukifanya kazi: matunda mekundu yanamenywa kwa maji, mbegu zinaachwa zichachuke ili ule utelezi utoke, zinaoshwa, kisha zinaanikwa juu ya meza ndefu za wavu, na akina mama wanapita wakichambua mbovu moja moja kwa vidole. Simama kwenye meza hizo nusu saa. Utashangaa ni mikono mingapi hupita juu ya kikombe kimoja. Kama unanunua, nunua kwa chama au kwa mkaangaji wa Mbinga anayejulikana, tena ya mwaka huo.

Kabla hujashuka, pita sokoni Mbinga mjini upande wa dagaa. Uliza wametoka kijiji gani na walifika lini. Ukijibiwa kwamba dagaa ni wachache wiki hii, usiwalaumu wavuvi. Tazama mbinguni usiku. Nitalieleza hili punde.

Kushuka

Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66, na lami ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020. Kabla ya hapo safari hii wakati wa masika ilikuwa ya kusukuma magari kwenye tope, na mzigo wa samaki uliweza kuharibikia njiani. Sasa ni mwendo mfupi, ila usiwe na haraka. Ondoka saa tatu asubuhi, ukungu ukiwa umeanza kunyanyuka, na ukae upande wa kulia wa gari ikiwezekana.

Barabara inakata milima kwa kona nyingi, na hali ya hewa inabadilika ukiwa kwenye kiti. Sweta linavuliwa. Migomba na kahawa vinabaki nyuma, miombo inachukua nafasi, kisha mihogo na miembe. Halafu kwenye kona fulani ziwa linatokea lote kwa pamoja, na upande wa pili, siku zisizo na ukungu, milima ya Malawi. Ziwa lenyewe liko kwenye mwinuko usiofika mita 500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo joto la kule chini ni la pwani kabisa.

Angalia pia magari yanayopishana nanyi. Yanayopanda yana magunia ya dagaa juu ya keria. Yanayoshuka yana mahindi, maharage, viazi na kreti za soda.

Saa za ziwani

Mbamba Bay ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Ni mji mdogo uliokaa kwenye ghuba yenye mawe makubwa ya mviringo pande zote mbili na mchanga katikati. Gesti zipo, za bei ya chini na za kati, na zipo nyumba chache za kufikia wageni ufukweni. Chagua yenye chandarua kizima na feni. Benki na mahitaji makubwa maliza Mbinga; huku fedha taslimu na pesa za simu vitakutosha.

Sasa habari ya mwezi. Dagaa wa ziwa hili, wanaoitwa usipa, huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga huwavuta wadudu wadogo wa majini, wadudu huwavuta usipa, nyavu huwazunguka. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, na wavuvi wengi hupumzika au hutengeneza nyavu. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi tazama kalenda, uje wakati wa giza, siku chache kabla au baada ya mwezi mwandamo. Jioni utaona mitumbwi na boti zikitoka, na saa mbili usiku taa zitakuwa zimejipanga majini hadi utadhani kuna mji ng'ambo.

Amka saa kumi na moja. Boti zikigusa mchanga, biashara huenda kasi: ndoo kwa ndoo, beseni kwa beseni, bei ikipanda na kushuka kwa kadiri ya boti zilizokwisha kuingia. Kabla jua halijawa kali, akina mama wameshatandaza samaki juu ya chanja na nyavu, wakiwapekua na kuwageuza ili wakauke sawasawa. Jua zuri la siku nzima ndilo hutengeneza dagaa wa daraja la kwanza. Wingu likitanda saa sita, utaona mwambao mzima ukikimbia kukunja nyavu. Hapo usisimame na simu kupiga picha. Shika upande mmoja wa wavu usaidie. Shikamoo yako ya asubuhi na mkono huo wa mchana vitakufungulia mazungumzo ambayo fedha haiwezi kununua.

Chakula cha hapa ni ugali wa muhogo na samaki. Ugali huo ni mlaini, unavutika, na una uchachu mdogo kwa sababu muhogo huloweshwa kabla ya kuanikwa na kusagwa. Aliyezoea sembe aupe siku mbili. Magege wa kuchoma ni mtamu, usipa wabichi wa kukaanga ni watamu zaidi, na mbasa ndiye samaki wa heshima, mrefu, mweupe kama fedha. Juu ya mbasa nina ombi. Samaki huyu hupanda mito, Ruhuhu ukiwamo, wakati wa mvua ili kuzaa, na ndipo anapokamatwa kwa urahisi kwenye midomo ya mito. Ukija masika, mwache. Kula magege. Novemba na Desemba kuna maembe mengi kiasi kwamba watoto watakupa bure.

Kuingia majini

Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na kina kinachofikia kama mita 700. Ni la tatu kwa ukubwa Afrika, na hakuna ziwa lingine duniani lenye aina nyingi za samaki kuliko hili: ni mamia kwa mamia, na sehemu kubwa yao hawapatikani mahali pengine popote. Wengi wao unaweza kuwaona bila chombo chochote zaidi ya miwani ya kuogelea. Inunue Dar es Salaam au Songea, kwa kuwa huku ni ya kubahatisha.

Mwombe mwenye mtumbwi akupeleke kwenye mawe pembeni ya ghuba asubuhi maji yakiwa yametulia. Ingia polepole, tazama chini. Samaki wa kwenye mawe huitwa mbuna. Wana urefu wa kidole au kiganja. Wapo wa buluu, wa njano, wenye milia, weusi. Kila mmoja ana jiwe lake au kipande chake cha jiwe, anakwangua ukoga kwa meno na kumfukuza jirani anayesogea. Ukimwona mmoja ametuna shavu na hali chochote, huyo ni mama. Amebeba mayai au watoto mdomoni, na atakaa hivyo kwa wiki tatu hivi.

Mbuna hapendi kuvuka mchanga. Kati ya rundo moja la mawe na jingine kunaweza kuwa na uwanda wa mchanga wa kilomita moja, na kwake hiyo ni bahari kuu. Ndiyo maana mbuna wa kisiwa hiki wana rangi moja, na wa kisiwa cha jirani, unachokiona kwa macho, wana rangi nyingine. Kila rundo la mawe ni kisiwa, na kila kisiwa kina watu wake. Wafugaji wa samaki wa mapambo Ulaya na Marekani hutaja majina ya vijiji na visiwa vyetu bila kuvijua: wana samaki wanayemwita Hongi, dume lake buluu lenye mgongo wa rangi ya kutu, ambaye asili yake ni kisiwa kidogo cha Hongi, upande wa Liuli. Lundo na Puulu navyo vimo kwenye orodha zao. Watoto wa shule za mwambao wangestahili kuyajua haya kabla ya watu wa Berlin, na mgeni mwenye miwani mbili anaweza kumwazimisha moja kijana wa mtumbwi ili naye atazame.

Usalama sasa. Kichocho kipo katika ziwa hili. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotuama yenye majani, kwa hiyo ogelea penye mawe au mchanga ulio wazi unaopigwa na mawimbi, kaa mbali na matete, na miezi miwili hivi baada ya safari nenda ukapime. Tiba ipo na ni rahisi. Mamba wapo, hasa kwenye midomo ya mito, Ruhuhu kwa namna ya pekee. Usioge wala kunawa mahali ambapo wenyeji hawaogi. Malaria ni ya mwaka mzima. Na hata kama unajua kuogelea, vaa boya la kujiokolea ukipanda mtumbwi.

Upepo na meli

Visiwani Ugiriki wana upepo wa kaskazini wa kiangazi uitwao meltemi, ambao huweza kuzuia meli siku nzima, na kila msafiri wa huko huambiwa aache siku za ziada. Nyasa ina mwera. Huvuma kutoka kusini-mashariki, hasa Mei hadi Agosti, na hunyanyua mawimbi ambayo mtu wa bara hadhanii kuwa yanaweza kutoka ziwani. Usipange kurudi kazini kesho yake. Asubuhi muulize nahodha, “Mzee, ziwa likoje leo?” Akijibu kwamba limechafuka, usimbembeleze na usimwongezee fedha ili aondoke. Kunywa chai, subiri.

Kwa maoni yangu mwezi bora ni Septemba. Mwera umepungua, barabara ni kavu, maji ni maangavu, na huko juu bado kuna kahawa kwenye meza. Anayetaka kuona ngoro zikichimbwa aje Machi, akubali mvua. Siku fulani utaona wingu jeusi limesimama juu ya maji, linajipinda polepole mithili ya moshi wa meli inayoungua. Ni kungu, wadudu wadogo wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni. Hawaumi, lakini funga mdomo wakipita.

Barabara za mwambao ni za juzi. Kwa zaidi ya karne vijiji hivi vilisubiri honi. Meli ya abiria MV Mbeya II, iliyojengwa na mafundi wa Kitanzania na kuanza kazi mwaka 2021, inatoka upande wa Kyela na kuteremka mwambaoni. Ulizia ratiba ofisi za bandari, Mbamba Bay au Kyela, siku chache kabla. Usitegemee ratiba uliyoambiwa mwaka jana. Ukiipata, panda, hata kama ni kwa kituo kimoja. Palipokosa gati, mitumbwi husogea ubavuni mwa meli, na hapo hupishana magodoro, kuku, watoto, barua na mabati. Milima ya Livingstone ikiwa imesimama juu ya maji upande wa Ludewa, huhitaji mtu akuambie kwamba umeona moja ya safari nzuri za majini Afrika.

Liuli na ngoma zake

Kaskazini mwa Mbamba Bay kuna Liuli, nayo ipe siku nzima. Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba ulio mdomoni mwa ghuba, uliowakumbusha sanamu la Misri. Wenyeji wanalo jiwe la Pomonda, na watakusimulia jinsi wazee wao walivyojificha humo wakati wa vita. Omba mwenyeji akupeleke na akusimulie mwenyewe.

Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo Liuli kwa matengenezo. Meli ya Waingereza, Guendolen, ikatokea na kuipiga mizinga. Nahodha Mjerumani, Berndt, alikuwa hajapata habari kwamba Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia imeanza. Rhoades, nahodha wa Guendolen, alikuwa rafiki yake wa kunywa naye. Husimuliwa kwamba Berndt alipiga makasia hadi kwa mwenzake akiwa amekasirika, akimuuliza kama amelewa. Alichukuliwa mateka. Waingereza waliusherehekea kama ushindi wao wa kwanza wa majini katika vita vile vikuu. Simama kwenye ghuba hiyo iliyotulia, watoto wakirushiana maji, ufikirie.

Misheni ya Kianglikana, UMCA, iliendesha kazi yake hapa kwa meli, makao yakiwa kisiwa cha Likoma. William Percival Johnson alizunguka vijiji hivi kwa zaidi ya miaka 40, akafariki mwaka 1928, na kaburi lake lipo Liuli. Hospitali ya Mtakatifu Anna bado inatibu watu. Jumapili ingia kanisani ukae hadi mwisho. Uimbaji wa mwambao una sauti nne zilizojengwa na vizazi kadhaa.

Kisha ngoma. Baada ya mavuno, kwenye harusi na sikukuu, vijiji hualikana. Wanaume wanacheza mganda: wamevaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi, wamejipanga mistari, wanageuka kwa pamoja kwa hatua fupi za kijeshi, ngoma kubwa ikipigwa na vibuyu vikitoa sauti ya tarumbeta. Ngoma hii ilienea kuzunguka ziwa baada ya vita vile vile vilivyofika Liuli. Vijana waliobebeshwa mizigo na bunduki za wageni waliyachukua magwaride na bendi za jeshi, wakayafanya mali yao, yenye vyeo vyao na utani wao. Akina mama wana kioda, wakicheza kwa duara na nyimbo zinazosema wazi mambo ya ndoa, ulevi na viongozi. Sikiliza maneno. Usipoelewa Kinyasa, muulize jirani kwa sauti ya chini. Ukivutwa uwanjani, ingia. Na ukimtunza mchezaji, mpe mkononi kwa adabu, usirushe.

Ngoma hizo hizo zipo Likoma na Nkhata Bay, kwa kuwa ndugu wako pande zote za maji. Ukitaka kuvuka kwenda Malawi kuona kanisa kuu la Likoma, lililoanza kujengwa mwaka 1903, beba pasipoti na uanzie ofisi ya Uhamiaji Mbamba Bay. Usipande boti ya kificho hata nahodha akikuhakikishia kwamba wote hufanya hivyo.

Kurudi na mzigo wako

Usirudi kwa njia uliyokuja. Panda kaskazini kupitia Lundu hadi Lituhi, kwenye mashamba ya mpunga, kisha chagua: ukate kwenda Kitai na Songea, au uvuke daraja la Ruhuhu uingie Manda na Ludewa, mahali ambapo kabla ya daraja watu walitegemea pantoni na mto ulichukua maisha. Masika uliza kwanza hali ya barabara.

Dagaa nunua kwa mama aliyekausha mwenyewe, siku ya kuondoka, asubuhi. Mchukue mmoja umkunje kwa vidole. Akivunjika, amekauka; akipinda, atavunda ndani ya gunia kabla hujafika Makambako. Mnuse pia: harufu iwe ya samaki na jua, isiwe ya mafuta yaliyochacha. Waweke kwenye gunia linalopitisha hewa, usiwafunge kwenye mfuko wa nailoni, na umwambie kondakta awapakie juu ya keria, mbali na mabegi ya wenzako.